Kompyuta Iliyokataa Kutoa Uso wa Kambale

Asubuhi ile haijawahi kunitoka, mwanangu, na kila nikikuona umekunja uso mbele ya kompyuta, unabofya na kubofya, huku unamtukana mdogo wako kwamba ndiye aliyeiharibu, narudi kulekule. Narudi mtaa wa Bel-Air, kwenye chumba chetu cha mbele. Wewe umefungwa kitenge mgongoni mwangu, mimi nimekaa mbele ya mashine iliyogoma, na nje ya dirisha watu wa matanga wamejaa uwanja mzima. Acha hicho kipanya kwanza. Kaa nikueleze.

Matanga yalikuwa ya Kambale, mume wa yaya Neema, dada yangu mkubwa. Kambale alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini. Hapa Lubumbashi alikuwa na lori moja, anapeleka unga na sabuni Kasomeno, anarudi na samaki wakavu. Vita ilipofika kwao, alipanda kwenda kumtoa mama yake. Mama alitoka. Yeye hakutoka. Majirani walimzika nyuma ya kanisa, mbio mbio, risasi zikisikika, na hakuna aliyekuwa na akili ya kupiga picha. Mama yake, Mama Kahindo, akashika barabara na wakimbizi wengine, ziwa na vumbi, mpaka akafika kwetu na nguo aliyovaa.

Sasa elewa jambo hili, maana bila hili hutaelewa mengine. Matanga yetu yanataka mtu alale mbele ya watu, wamwone na kumwaga machozi. Mwili usipokuwepo, picha inakaa mahali pake. Picha kubwa, juu ya kiti, na kitambaa cheupe, na mke wake anaketi chini pembeni yake. Siku ya kufunga matanga familia mbili zinakaa mbele ya ile picha, na ndipo panasemwa mjane anatoka vipi: anabaki na nyumba yake na watoto wake, au anarudishwa kwao na watoto wanachukuliwa. Pasipo picha, yaya Neema hakuwa na mahali pa kuketi. Familia zilikuwa zinakaa mchana ule ule.

Kazi ya picha ilikuwa yangu, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nafanya nyumbani: picha za ubatizo, za harusi, za vitambulisho. Aliyeniagiza ni Papa Muhindo, baba mdogo wake Kambale, mwenye depo ya unga na maharage, mtu wa sauti nene.

"Mama Debora," akaniambia, "untengenezee yeye mwenye kusimama. Urefu yake yote. Na kostime."

Kostime ni suti. Na picha pekee ya Kambale tuliyokuwa nayo ilikuwa ya ubatizo fulani, ameketi, bega moja limefunikwa na kilemba cha mama mmoja mnene. Nifanyeje? Nilichukua kichwa cha Kambale, nikakipandisha juu ya kifua cha bwana harusi niliyempiga picha mwaka uliotangulia, na miguu nikaitoa kwa shemasi. Kisha mashangazi wakaanza kuingia mmoja mmoja. Huyu anataka mawingu nyuma. Huyu anataka msalaba. Huyu anasema shingo ni ya mtu mwingine, na kweli ilikuwa ya mtu mwingine. Kila walichotaka nilikiweka juu ya kingine, tabaka juu ya tabaka, zile tunazoziita kalke. Na ukubwa nikauweka ule wa mtu mzima kabisa, kutoka kisigino mpaka utosi, na wembamba wa nukta kama ninachapa kitabu. Nilidhani ndiyo heshima. Mwili haupo, basi picha iwe mwili.

Kompyuta ikaanza kutambaa. Nikivuta picha kidogo upande, inafikiri mpaka uji wako unapoa. Nabofya, haifanyi kitu. Nabofya tena, na tena. Sikujua kwamba kila nilipobofya nilikuwa naipa amri mpya, inaziweka foleni zote, na italazimika kuzitimiza moja moja.

Papa Muhindo alikuwa anapita dirishani.

"Iko inaenda?"

"Inaenda, Papa."

"Tangu asubuhi unasema inaenda."

Mara ya mwisho alipochungulia, kioo kizima kikageuka cheupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, na juu yake maneno: programu haijibu. Kambale akapotea, kostime, mawingu, na shemasi wangu. Papa Muhindo aliyasoma yale maneno polepole. Akageuka kwa watu waliokaa uwanjani.

"Bantu, musikie. Kambale iko anakatala. Hataki kutokea. Iko kitu kati yake na muke wake."

Nilimwona yaya Neema kupitia dirisha. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kichwa kimenyolewa. Hakuinua macho. Lakini wanawake waliokuwa wameketi karibu naye walianza kuvuta mikeka yao, kidogo kidogo, kama watu wanaokwepa jua. Mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Picha ya binamu yangu ilifunguka mbio. Na ule alikuwa mulevi."

Mwanangu, mimi sikuumbwa na subira. Nilitoka na wewe mgongoni.

"Papa Muhindo, nakuuliza. Picha za ubatizo wa juma lililopita nazo zinagoma tangu jana. Nazo ziko na kinyongo na yaya? Hata picha ya kitambulisho ya mukufunzi wa kwaya inagoma. Naye alikufa?"

Watu wengine walicheka, wakakumbuka wako matangani, wakanyamaza.

"Weye ni mutoto," akasema. "Shika adabu."

"Adabu ninayo. Ninachokosa ni mutu wa kunieleza sababu gani mashine ikichelewa anayefukuzwa ni dada yangu."

Nikarudi ndani. Nikaipiga ile kompyuta ubavuni kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Wewe ukaanza kulia. Na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo tangu matanga yaanze hatukuwa tumeisikia.

"Unapiga nani?"

Ni Mama Kahindo. Mwanamke mwembamba, miguu imevimba kwa safari. Aliingia akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na mimi, akanyoosha mikono, akakuchukua wewe kutoka mgongoni, ukanyamaza.

"Napiga mashine, Mama."

"Imekutusi?"

"Inachelewa."

"Inabeba nini?"

Kwa miaka miwili nilikuwa natumia ile kompyuta kila siku, na hakuna aliyewahi kuniuliza inabeba nini.

"Nilikwenda na Kambale safari moja, njia ya Kasomeno," akasema. "Lori ikakwama mu matope. Bantu bakaanza kutusi dereva, kutusi njia, kutusi muke mwenye mimba aliyepanda, eti njo mukosi. Kambale hakutusi muntu. Akapanda juu ya turubai, akaangalia iko inabeba nini. Akaanza kushusha." Akaniangalia. "Weye uko na hasira. Hasira yako iko na haki. Lakini imekufunga macho, na muke wa mutoto yangu iko pale chini anangoja."

Alisema vile tu. Na mimi, mwenye diploma ya sekondari kwenye fremu ukutani, nikavuta pumzi na kwa mara ya kwanza siku ile nikaitazama mashine badala ya kuitukana.

Kulikuwa na taa ndogo nyekundu mbele yake. Kwa kawaida inapepesa ukiipa kazi, halafu inapumzika. Sasa ilikuwa inawaka moja kwa moja, bila kupepesa, na mimi sijagusa kitu. Maana yake diski ilikuwa inahangaika. Nikafunga kila kilichokuwa wazi: muziki, mchezo wa baba yako wa karata, programu ya kuchunguza virusi iliyokuwa inapekua peke yake. Kisha nikaenda kuangalia diski yenyewe. Imejaa. Imejaa mpaka shingoni, ule mstari wa kuonyesha nafasi umekuwa mwekundu wote.

Nikaelewa. Programu ya picha inafanyia kazi kwenye kumbukumbu ya haraka, ambayo kwenye mashine yangu ilikuwa ndogo. Ikijaa, inatafuta nafasi tupu kwenye diski ili iweke kazi yake pale kwa muda, kama fundi anayeomba nafasi ya kutandaza mbao. Mimi nilikuwa naitaka itandaze mtu mzima na kalke zake zote, na hapakuwa na hata nafasi ya kuweka mguu.

Imejaa nini?

Wale waliokimbia vita walifika Lubumbashi bila simu. Walizipoteza, walinyang'anywa, waliziuza njiani. Lakini wengi walikuwa wametoa ile kadi ndogo ya kuhifadhia picha, wakaificha. Kwenye pindo la sketi. Ndani ya sabuni. Mwanamke mmoja alikaa mbele yangu, akafumua nywele zake msuko kwa msuko, mpaka kadi ikadondoka, ndogo kama ukucha. Walikuwa wanakuja kwangu na kusema, Mama Debora, utunze hizi kabla hazijafa. Nami nikawa natunza. Folda juu ya folda, jina juu ya jina. Nilikuwa nachukua, nahamisha, narudisha kadi, nafunga. Sikuwahi kuzitazama.

Sasa ilibidi nizitazame. Huwezi kuhamisha mali ya mtu bila kujua ni ya nani. Nikafungua ya kwanza, picha zikaanza kujipanga kwenye kioo.

Harusi. Mvulana juu ya baiskeli ya mbao. Kanisa lenye paa jekundu. Ng'ombe. Wanafunzi wenye mashati meupe wamepanga mstari. Mlima nyuma ya kila kitu, mlima uleule, katika folda za watu ambao hawakujuana. Nikafungua nyingine, na nyingine. Soko limejaa watu. Bibi harusi yuleyule wa folda ya kwanza, sasa yuko kwa nyuma katika picha ya mtu mwingine, anapita na ndoo. Mji mzima, mwanangu. Mji ambao redio ilikuwa inatuambia umebaki magofu ulikuwa umeketi ndani ya kisanduku changu, chini ya meza, milango wazi, watoto wanacheza, hakuna aliyekufa bado.

Sikusikia watu wanaingia. Niligeuka nikawakuta wamesimama nyuma yangu, wale wanawake wa mikeka, wamevua viatu mlangoni bila mtu kuwaambia. Mmoja alikuwa anataja majina kwa sauti ndogo. Mwingine alisema, "Ile ni mbuzi yetu," kisha akakaa chini sakafuni. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanatazama kama watu walio kanisani kabla ibada haijaanza.

Papa Muhindo alikuwa wa mwisho kuingia. Alikuja kuuliza kwa nini uwanja umebaki mtupu. Akasimama, akatazama, picha zikipita.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Nyuma tena moja."

Ilikuwa nyumba ya mbao yenye mlango wa rangi ya buluu. Mbele yake kikongwe mmoja anachambua maharage, hajui kama anapigwa picha.

"Mama yangu," akasema Papa Muhindo. Ile sauti nene haikuwepo. "Ile nyumba ilichomwa. Mi sina hata picha yake moja." Akavua kofia yake akaishika kifuani, na akabaki hivyo, mtu mkubwa aliyesimama katikati ya wanawake walioketi chini.

Niliwaacha watazame wakati nafanya kazi. Nafasi nilihitaji, lakini zile picha nisingefuta hata moja, ningekata mkono kwanza. Baba yako alikuwa Mokambo kwa biashara, na alikuwa ameacha diski yake ya kubebeka, imejaa filamu za ngumi na mateke. Filamu nilizifuta zote bila kumuuliza, na mpaka leo anadhani ni virusi. Humo nikauhamisha mji, folda kwa folda, nahesabu kama zimefika salama ndipo naziondoa kule zilikotoka. Umeme wa Bel-Air ulikuwa unapungua na kupanda, kirekebisha umeme kinalia tak, tak, na kila kikilia chumba kizima kinashika pumzi. Haukukatika. Mpaka leo sijui kwa nini haukukatika.

Nikazima mashine taratibu, nikaiacha ipumzike, nikaiwasha. Ile taa nyekundu ikapepesa, ikatulia. Nikafungua kazi ya Kambale. Ilikuja bado nzito, lakini ilikuja: mawingu, msalaba, kostime.

Mama Kahindo alisogeza uso wake.

"Hii mwili ni ya nani?"

"Ya bwana harusi mmoja, Mama."

"Iko wapi mwenyewe?"

"Iko kwake, Kampemba hapa hapa. Iko muzima."

"Murudishie mwili yake," akasema. "Mi sikuzala kostime."

Nilimtazama Papa Muhindo, kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza. Aliinua mabega. Nikaondoa kifua. Nikaondoa miguu ya shemasi. Mawingu, msalaba, kila kalke, mpaka akabaki Kambale wa ubatizo peke yake, kichwa na mabega, shati lake la kazi, na kipande cha kilemba cha yule mama. Kilemba nikakifuta polepole, na kila nilichomaliza nikakiunganisha kiwe tabaka moja. Nikaacha ule ukubwa wa mwili. Picha ya matanga inatazamwa kutoka uwanjani, haibandikwi puani. Nikaitengeneza ndogo na kuachia mashine ya mchapishaji kazi ya kuikuza. Kila nilichoomba kilifanyika papo hapo. Niliona aibu kidogo kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kisha nikaikuza ijaze kioo, ili mama yake aone.

Ikajichora kutoka juu, mkanda kwa mkanda. Nywele. Paji la uso. Kovu dogo juu ya jicho la kushoto, ambalo chini ya kostime na mawingu sikuwahi kuliona. Kisha macho. Nimetengeneza nyuso nyingi, mwanangu, nimezing'arisha, nimezitoa chunusi, na nilidhani najua uso ni kitu gani. Ile siku mikono yangu ilishuka mezani yenyewe. Alikuwa anatutazama. Alikuwa karibu kucheka. Nilikusikia wewe unapumua mapajani mwa Mama Kahindo.

Mama Kahindo hakugusa kioo. Alisema, bila kugeuka, "Neema, kuya."

Watu walipisha njia. Yaya Neema aliingia amejishika ukuta.

"Kuya uone. Bwana yako ametokea."

Akaja akapiga magoti pale kwenye ndoo, na mkono wa mkwewe ukakaa juu ya kichwa chake kilichonyolewa, ukabaki hapo. Ndipo Mama Kahindo akamgeukia shemeji yake.

"Muhindo. Mutoto yangu hakukatala. Alikuwa chini ya mizigo ya bantu."

"Njo vile," akakubali Papa Muhindo.

Picha ikaenda mjini kuchapwa, ikarudi, ikakaa juu ya kiti. Familia ziliketi mchana ule zikasema yote ya kusema, na yule mzee wa depo ndiye aliyesimama kutangaza kwamba Neema na watoto wanabaki nyumbani kwao. Hakuomba msamaha, na mimi sikumdai. Lakini alirudi kwangu baadaye kuomba ile picha ya mlango wa buluu, akaingia kwa kubisha hodi.

Sasa nikuambie ninachotaka kukuambia. Mashine ikichelewa, usiibofye kama mwehu. Iache, uitazame. Uliza inabeba nini. Funga usichotumia, angalia diski kama ina nafasi, hamisha kabla ya kufuta, na cha mtu usikifute kamwe. Usitengeneze kikubwa kwa sababu ya fahari wakati kidogo kinatosha. Unganisha ulichomaliza. Ukishindwa, zima, washa, anza upya, hakuna aibu.

Na la pili nalisema kwa hasira, kwa sababu hasira yangu haijaisha na sitaki iishe. Katika nchi hii kila kitu kikikwama kuna mwanamke anayenyooshewa kidole. Lori, mvua, mtoto, hata kompyuta. Nimeona wanawake wametolewa kwenye nyumba zao kwa sababu ambazo mtu mmoja angezikuta kwa dakika chache kama angeinama na kuangalia. Kwa hiyo wewe uiname. Kabla hujasema ni fulani, na hata kama fulani huyo ni mdogo wako mwenye vidole vya asali, uwe umeangalia kwa macho yako. Na ukikuta watu wanavuta mikeka kumkwepa mtu, wewe nenda kaketi karibu naye kwanza, mengine utayatafuta ukiwa umeketi hapo.

Mungu akupe macho yasiyoharakishwa na kelele. Akupe kazi ya mikono yako, na watu wa kula matunda yake pamoja nawe. Na nyumba utakayoingia, mwanangu, wakuite kwa jina lako siku ukiwa na mume, na wakuite kwa jina lilelile siku ukiwa huna.